Imezimwa, Imezimika au Imezimisha? Uchunguzi wa Kompresa ya Volti za Juu katika Magari ya Mseto na ya Umeme

Utangulizi

Mnyambuliko wa vitenzi ni somo ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili hulipitia mapema. Tunafundishwa kwamba kutokana na kitenzi zima tunapata zimwa katika kauli ya kutendwa, zimika katika kauli ya kutendeka na zimisha katika kauli ya kutendesha. Tunafundishwa pia kuwa kauli ya kutendwa hudokeza kuwapo kwa mtenda hata asipotajwa, ilhali kauli ya kutendeka huyaelekeza macho yetu kwenye hali ya kitu chenyewe. Aghalabu tofauti hii huishia katika karatasi ya mtihani. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba katika gereji tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha ukarabati wa gharama ndogo na hasara kubwa, na wakati mwingine uhai na mauti.

Mada yetu ni kompresa ya kiyoyozi inayoendeshwa kwa umeme wa volti za juu katika magari ya mseto na ya umeme. Mahali tutakapopatolea mifano ni njia itokayo Voi, ikapita Mwatate na kupanda hadi Chawia katika Kaunti ya Taita Taveta. Njia hii inafaa kwa sababu mbili. Kwanza, Voi imo katika barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ambamo magari yaliyotumika hupita baada ya kushushwa bandarini. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, magari ya mseto kutoka Japani sasa ni ya kawaida miongoni mwao. Pili, kutoka Voi hadi Chawia gari hupanda karibu mita 1,000, likaacha joto na vumbi la nyika na kuingia katika ubaridi na ukungu wa milima. Tutakavyoona, tofauti hiyo ya hewa ni kipimo ambacho fundi hahitaji kukinunua.

Aidha, katika gereji za Voi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha mwenye gari atokaye Chawia akizungumza Kidawida nyumbani, dereva wa kutoka Ukambani na fundi wa kutoka Mombasa. Wote watatu wana mazoea ya kutumia neno moja: imezima, au imekufa. Neno hilo moja linaficha maswali matatu tofauti.

Kompresa hii ni kitu gani?

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huhamisha joto kutoka ndani ya gari na kulitoa nje. Chombo kinachoisukuma gesi izunguke ili ibebe joto hilo ni kompresa. Katika gari la kawaida kompresa huzungushwa na mkanda wa injini, na klachi ya sumaku huishika au kuiachia. Mlio wa klachi hiyo ndio ambao mafundi wengi hutegea sikio wanapotaka kujua kama kompresa inafanya kazi.

Prius ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka wa 1997, bado ilitumia mkanda. Katika Prius ya kizazi cha pili, ya mwaka wa 2003, Toyota ilitumia kompresa yenye mota ya umeme ndani yake, ili kiyoyozi kiendelee kufanya kazi hata injini inaponyamaza. Umeme wa betri kubwa ni wa mkondo mnyoofu, nao hupitia kifaa kiitwacho inveta, kinachougeuza kuwa mkondo geu wa nyaya tatu na kuamua kasi ya mota. Mota huzungusha bamba mojawapo kati ya mawili yaliyojikunja mfano wa gamba la konokono, na gesi hubanwa katikati yake. Hakuna mkanda, hakuna klachi, wala hakuna mlio wa kutegewa sikio.

Volti zenyewe si za kuchezea. Betri ya Prius ya kizazi cha pili ina volti 201.6, ya Toyota Aqua iliyotoka mwaka wa 2011 ina volti 144, na ya Nissan Leaf za mwanzo ina volti zinazokaribia 360. Katika taaluma ya magari, mkondo mnyoofu unaozidi volti 60 huhesabiwa kuwa wa hatari kwa mwili wa binadamu.

Ifahamike pia kwamba katika magari haya kiyoyozi si anasa. Betri ya Prius na ya Aqua hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Kiyoyozi kikikoma katika joto la Voi, betri nayo huvuta hewa ya moto. Na vioo vikifunguliwa, huvuta vumbi. Katika magari mengi mapya ya umeme uhusiano huo ni wa karibu zaidi, kwani gesi ya kiyoyozi ndiyo inayopoza betri hasa wakati wa kuchajiwa. Hivyo basi, asiyejali kompresa huenda akalipia betri.

Zima kabla ya kushika

Gari la mseto lililonyamaza si gari lililozimwa. Injini inaweza kulala huku mfumo wote wa volti za juu ukiwa macho, na kompresa ikaanza kuzunguka bila ya mtu kugusa chochote. Hapa methali yetu kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu haina mafumbo.

Nyaya za volti za juu huvikwa ganda la rangi ya chungwa. Kabla ya kugusa waya au kiungio chochote cha rangi hiyo, fundi huzima gari, huweka ufunguo mbali nalo, huondoa waya hasi wa betri ndogo ya volti 12, kisha huvuta plagi ya usalama ya betri kubwa na kuitia mfukoni mwake ili mwingine asije akairudisha. Baada ya hapo husubiri. Ndani ya inveta mna kapasita, vyombo vinavyohifadhi umeme hata betri ikiwa imetengwa, na magari mengi ya Toyota yanahitaji kusubiriwa dakika 10. Kila gari lina muda wake katika kitabu cha mtengenezaji, nao ndio wa kufuatwa.

Glavu zinazofaa ni za mpira wa kuzuia umeme, za daraja 0, zilizopimwa kwa matumizi ya hadi volti 1,000 za mkondo geu. Glavu za kuoshea vyombo hazihesabiki hapa. Kila mara kabla ya kuvaa, fundi huzikunja na kuzijaza hewa ili aone kama zina tundu. Mwisho hupima. Kwanza huijaribu mita kwenye betri ya volti 12 ili ahakikishe kwamba ni nzima, kisha hupima mahali atakapofanyia kazi, halafu huirudisha tena kwenye betri ndogo. Mita iliyoharibika nayo huonyesha sifuri.

Swali la kwanza: Imezimwa?

Kompresa ya umeme haijiamulii. Huagizwa na kompyuta ya gari, na kompyuta hiyo ina sababu nyingi za kuinyima ruhusa: gesi ikiwa haba, shinikizo likizidi kiasi, chaji ya betri kubwa ikishuka mno, sensa ya joto ikitoa habari za uongo, au gari lenyewe likiwa halijafikia hali ya kuwa tayari kwa safari. Katika hali hizi zote kompresa ni nzima. Imezimwa. Kumbadilishia mwenye gari kompresa mpya hapa ni sawa na kumwadhibu mjumbe kwa ujumbe aliotumwa.

Namna ya kujibu swali hili ni kutumia mashine ya kusomea kompyuta za gari, yenye uwezo wa kufikia kompyuta ya kiyoyozi na ile ya mfumo wa mseto. Vile visomaji vya bei rahisi vinavyosoma injini peke yake havitoshi. Katika orodha ya takwimu fundi atafute mambo mawili: kasi ambayo kompresa imeagizwa na kasi ambayo kompresa inazunguka kweli. Kasi iliyoagizwa ikiwa sifuri ilhali kiyoyozi kimewashwa, basi kuna aliyekataza, na kazi ya fundi ni kumtafuta huyo.

Gesi ndiyo inayoshukiwa kwanza. Katika gari linalotumia gesi ya R-134a, lililopumzika mpaka likapoa kufikia nyuzi 30 za selsiasi, geji zote mbili zinatarajiwa kuonyesha takribani baa 6.7, yaani pauni 97 kwa inchi ya mraba. Gari hilo likilala katika ubaridi wa nyuzi 20, geji zitaonyesha takribani baa 4.7, yaani pauni 68. Fundi aliyezoea nambari za Voi anaweza kupima gari asubuhi yenye ukungu huko Chawia, akaiona nambari ndogo na kuhukumu kwamba gesi imevuja. Asipokuwa mwangalifu ataongeza gesi, na gari likishuka Voi mchana shinikizo litapita kiasi na kompyuta itaizima kompresa. Ikumbukwe pia kwamba kipimo hiki huthibitisha tu kuwa bado kuna gesi iliyo katika hali ya umajimaji. Hakisemi ni kiasi gani. Kiasi hujulikana kwa kuitoa gesi yote, kuipima kwa uzani na kuirudisha kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Tuchukue mfano. Gari linapoza vizuri Chawia, linaposhuka Mwatate linaanza kusitasita, na likifika Voi linapuliza hewa ya moto. Jioni likirudi mlimani, baridi inarudi pia. Kompresa iliyoharibika haina sababu ya kupona kwa kupanda mlima. Katika mfano huu washukiwa ni kondensa iliyozibwa na vumbi au feni dhaifu mbele ya gari, kwani joto linashindwa kutoka, shinikizo linapanda na kompyuta inaikataza kompresa. Tiba inaweza kuwa maji na brashi laini.

Swali la pili: Imezimika?

Ikiwa kasi iliyoagizwa ni, tuseme, mizunguko 3,000 kwa dakika na kasi halisi ni sifuri, basi amri imetolewa na haikutekelezwa. Hapa ndipo kompresa yenyewe inapoingia kizimbani, lakini hata hapa bado haijahukumiwa.

Kompresa nyingi za miaka ya karibuni zina inveta iliyofungwa kwenye mwili wake. Inveta hiyo huhitaji umeme mdogo wa volti 12, waya wa ardhi ulioshika vizuri na nyaya za mawasiliano zinazoleta amri. Kimojawapo kikikosekana, kompresa hulala ijapokuwa haina dosari. Kwa hiyo fundi huanza na fyuzi ndogo, viungio vyenye kutu na waya wa ardhi. Kama volti za juu zinaifikia kompresa, hilo nalo husomwa kwanza katika mashine, na si kwa kuchokoa nyaya za rangi ya chungwa kwa ncha za mita.

Vitu hivi vikiwa salama, na mashine ikionyesha kwamba kompresa hujaribu kuanza, ikavuta mkondo mkubwa mno na kuacha, yamkini imeganda ndani. Pale ambapo inveta iko mbali na kompresa, kama katika Prius ya kizazi cha pili, fundi anaweza, baada ya kuzima mfumo na kusubiri, kupima ukinzani kati ya nyaya tatu za mota. Vipimo vitatu vinapaswa kulingana. Kimoja kikitofautiana, mota imeungua.

Kuna hali inayokaribiana na hii ambayo hupoteza wengi: kompresa inazunguka kwa kasi ileile iliyoagizwa lakini haipozi. Geji za upande wa chini na wa juu zikikaribia kulingana wakati inazunguka, bamba za ndani huenda zimelika na gesi haibanwi. Kompresa ya namna hii haikuzimwa wala haikuzimika. Imechoka.

Jambo moja lisifanywe kamwe. Katika magari ya mkanda, mafundi wengi huzoea kuijaribu klachi kwa kuipa umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kompresa ya volti za juu haina klachi ya kupewa umeme. Anayejaribu mbinu hiyo ataharibu inveta, na akikosea waya anaweza kujiangamiza mwenyewe.

Swali la tatu: Imezimisha?

Swali hili ndilo lenye hasara kubwa zaidi, kwa kuwa dalili zake hazionekani katika kiyoyozi. Mfumo wa volti za juu haukuungwa na bodi ya gari. Umetengwa na bodi kwa kihami, yaani kitu kinachozuia umeme usipite, na kompyuta hukagua utengano huo daima. Kanuni Nambari 100 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari ya umeme inataka ukinzani wa utengano huo usiwe chini ya omu 100 kwa kila volti moja ya mkondo mnyoofu. Kwa gari la volti 360, hizo ni omu 36,000. Ukinzani ukishuka mno gari huwasha taa za onyo, na baadhi ya magari hukataa kuwashwa tena yakishazimwa.

Mwenye gari huona pembetatu nyekundu na gari lisilokwenda. Mara nyingi jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba betri imekufa, na betri ndicho kifaa cha gharama kubwa kuliko karibu vyote. Lakini mota ya kompresa hulowa ndani ya gesi na oili, na kihami chake kikiharibika umeme huvujia kwenye bodi. Kompresa hiyo huenda bado inapoza vizuri, ila imelizimisha gari zima.

Katika magari ya Toyota hitilafu hii husajiliwa kwa namba P0AA6. Namba hiyo peke yake husema tu kwamba kuna mvujo. Katika Prius ya kizazi cha pili, ndani yake mna namba ndogo inayotaja eneo: 611 ni upande wa kiyoyozi, 612 ni upande wa betri, 613 ni upande wa giaboksi na mota zake, na 614 ni upande wa nyaya za mkondo mnyoofu. Anayesoma P0AA6 bila ya kufungua namba ndogo amesoma kichwa cha habari akaiacha habari yenyewe.

Kuthibitisha kunahitaji kipimo cha kihami, ambacho mafundi umeme hukiita mega. Mita ya kawaida hutumia volti chache mno na inaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari, ilhali mega hupima kwa volti 500. Mfumo ukiwa umezimwa na umesubiriwa, kebo ya kompresa hutolewa na kupimwa kati ya nyaya zake na bodi kwa utaratibu wa kitabu, kwani inveta iliyo ndani ya kompresa inaweza kuharibiwa na kipimo kisichofuata utaratibu huo. Kompresa nzima kwa kawaida huonyesha mamilioni ya omu. Hata hivyo, gari lililolala baridini linaweza kuwa na gesi iliyogeuka majimaji na kukusanyika ndani ya kompresa, nayo hushusha kipimo. Busara ni kuupasha mfumo joto, kupima tena, ndipo hukumu itolewe.

Oili: neno moja, vitu viwili

Chanzo kimoja cha uharibifu wa kihami kinatuhusu sisi wa lugha moja kwa moja. Katika Kiswahili cha kila siku mafuta ni ya kupikia, ya kujipaka na ya kuendeshea gari. Gerejini neno oili limepunguza mkanganyiko huo, lakini halijaumaliza. Kompresa nyingi za mkanda hutumia oili ya jamii ya PAG, ambayo hunyonya unyevu na kupitisha umeme kwa wepesi zaidi. Kompresa nyingi za volti za juu, zikiwamo za Toyota, hutumia oili ya jamii ya POE iliyoteuliwa kwa sababu inazuia umeme. Fundi akiambiwa aongeze oili ya kompresa bila ya kuelezwa ni ipi, hutia aliyo nayo. Hata kiasi kidogo cha oili isiyofaa, kama kile kinachobaki katika mipira ya mashine ya kujazia gesi iliyotoka kuhudumia gari la mkanda, kinaweza kushusha ukinzani na kuleta ile P0AA6. Kwa kuwa watengenezaji wanatofautiana, kibandiko cha gari ndicho chenye kauli ya mwisho.

Tungekuwa na istilahi mbili zilizozoeleka, kwa mfano oili hami kwa ile inayozuia umeme na oili ya mkanda kwa ile nyingine, kosa hili lingekuwa gumu kulitenda. Mwaka wa 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na kutokana na juhudi za aina hiyo tunaweza leo kuandika ukinzani, mkondo geu na kihami bila ya kuomba radhi. Kinachobaki ni kuyafikisha maneno hayo mahali ambapo kebo ya rangi ya chungwa inaguswa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uchunguzi wa kompresa ya volti za juu ni mpangilio wa maswali kabla ya kuwa matumizi ya spana. Kwanza, je, imezimwa, na ni nani au nini kilichoizima? Pili, je, imezimika, ilhali imeagizwa na kupewa kila inachohitaji? Tatu, je, imezimisha gari kwa kuvujisha umeme? Mpangilio huu unamlinda mwenye gari asinunue kompresa kwa sababu ya vumbi la kondensa, wala betri kwa sababu ya kompresa. Unamlinda fundi pia, kwa kuwa maswali mawili ya kwanza huanza kujibiwa katika mashine ya kusomea, mkono ukiwa mbali na nyaya.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na katika kifungu cha 46 imempa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa kikamilifu. Magari haya huja na maonyo ya Kijapani au ya Kiingereza. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko karibu na Voi na kinafundisha uhandisi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viko katika vyuo vingi. Ukurasa mmoja tu, ulioandikwa kwa ushirikiano wa pande hizo mbili na kubandikwa katika ukuta wa kila gereji kutoka Voi hadi Mwatate, ungetosha kuanzia. Juu kabisa pangeandikwa hatua za kuzima na dakika za kusubiri, na chini yake yale maswali matatu.